Moto Ulio Ndani ya Mwili, na Sumu Inayouzima

(Mazungumzo tuliyoyatoa kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima)

 

Wazee mliopo hapa mnaukumbuka mwaka 1975. Mwaka ule ilifanyika kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Sisi tulikuwa hatujazaliwa, lakini tumesimuliwa. Jina lile ni la kweli. Leo tunataka kuuliza swali moja zaidi. Chakula kinageukaje kuwa uhai? Ugali umetulia kwenye sahani. Haulimi, haubebi maji. Mtu akishaula, anainua jembe. Nguvu hiyo ilikuwa wapi?

Tunauliza hivyo kwa sababu ya mama mmoja wa darasa letu. Alitueleza hivi: "Mwalimu, juzi tulikula ugali wa muhogo, tukashiba. Usiku watoto wakashikwa na kizunguzungu, wakatapika, wakalegea. Tumbo limejaa, nguvu hakuna. Sasa chakula gani hicho?" Tulimwuliza muhogo ule uliandaliwaje. Akasema ulikuwa muhogo mchungu. Nyumbani hapakuwa na akiba, kwa hiyo waliutwanga mbichi, wakauanika siku moja tu, wakasonga. Watoto walipelekwa kwenye zahanati, wakapona. Lakini swali la mama yule lilibaki, na tunalijibu leo.

MWILI UMEJENGWA KWA SELI

Nyumba hujengwa kwa matofali. Mwili nao umejengwa kwa vitu vidogo sana vinavyoitwa seli. Kwa macho hatuzioni, mpaka tutumie hadubini. Lakini tofali halina uhai, na seli ni hai. Seli inakula, inafanya kazi, na inatoa taka.

Seli haili ugali kama tunavyoula sisi. Ugali ni wanga. Wanga ni sukari ndogo ndogo nyingi zilizoungana, mithili ya shanga kwenye uzi. Mate na utumbo huzikata shanga hizo moja moja. Kila shanga moja inaitwa glukosi. Hebu jaribuni leo nyumbani. Tafuneni tonge la ugali bila mboga, taratibu, kwa muda mrefu. Mtasikia linaanza kuwa tamu. Hapo mate yameanza kazi yake.

Glukosi huingia kwenye damu. Damu hiyo hiyo hubeba oksijeni, ile sehemu ya hewa tunayoichukua kwa mapafu. Basi damu hufika kwenye kila seli na mizigo miwili: glukosi na oksijeni.

MOTO USIO NA MWALI

Tazameni jiko la mkaa. Mkaa una nguvu ndani yake, lakini bila hewa hauwaki. Ukiziba tundu la chini na kufunika juu, moto unafifia, halafu unakufa. Mkaa bado upo, hewa ndiyo imekosekana.

Seli nayo huunguza glukosi kwa kutumia oksijeni. Tofauti ni kwamba seli haitoi mwali. Inaunguza polepole, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Kimeng'enya ni kama fundi anayejua kazi moja tu. Joto la mwili wetu linatokana na kazi hiyo.

Nguvu inayopatikana haitumiki hivi hivi. Mkulima hawezi kwenda dukani na gunia la korosho akanunue kiberiti. Kwanza anauza gunia, anapata noti ndogo ndogo, ndipo anunue. Seli inafanya vivyo hivyo. Inavunja glukosi na kupata "noti" zake, ambazo wataalamu wanaziita ATP. Kwa noti hizo msuli unavuta, moyo unapiga, na ubongo unafikiri.

Kazi hii tunaweza kuigawa mara mbili. Kwanza, glukosi moja inakatwa vipande viwili. Hapo oksijeni haihitajiki, na faida ni noti 2 tu. Pili, vipande vile vinaingia katika vyumba vidogo vilivyomo ndani ya seli, vinavyoitwa mitokondria. Humo vinavunjwavunjwa mpaka nguvu yote inayoweza kupatikana imetolewa. Mwisho kabisa oksijeni inapokea mabaki, na maji yanatengenezwa. Ukijumlisha yote, glukosi moja inaleta noti 30 hivi. Pimeni wenyewe: bila oksijeni noti 2, pamoja na oksijeni noti 30.

Taka za moto huu ni maji na hewa iitwayo kabonidioksidi. Hewa hiyo tunaitoa kila tunapopumua. Tulionyesha jambo hili darasani. Tulichukua chokaa iliyokwisha kulowekwa, ile ya kupaka nyumba, tukaikoroga kwenye maji, tukaiacha itulie. Maji maangavu ya juu tukayamimina kwenye glasi, tukapuliza ndani kwa mrija bila kuvuta. Baada ya muda maji yalikuwa meupe kama yametiwa maziwa. Kilichoyageuza ni kabonidioksidi. Mzee mmoja akasema, "Kumbe huo ndio moshi wetu!" Alisema vizuri.

SUMU INAZIBAJE MLANGO?

Sasa turudi kwa mama yetu. Muhogo mchungu una kitu kinachoweza kutoa sumu iitwayo sianidi. Sumu hiyo ikiingia mwilini kwa wingi, inakwenda moja kwa moja kwenye mitokondria. Humo inamshika yule fundi wa mwisho, anayekabidhi kazi kwa oksijeni. Inamkalia, asiweze kufanya kazi.

Fikirini ghala lenye mlango mmoja wa kutolea mizigo. Mlango ukizibwa, kazi yote ya ndani inasimama. Ndivyo inavyokuwa kwenye seli. Glukosi imo, oksijeni imo kwenye damu, mapafu yanavuta hewa safi, lakini moto hauwaki. Mtu anapumua, na huku seli zake zinakosa pumzi. Ubongo na moyo huumia upesi kwa sababu vinahitaji nguvu kila dakika. Ndiyo maana watoto wale walishiba na papo hapo wakalegea. Sumu ikizidi, mtu hufa.

Tena kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, huku wakikosa vyakula vya protini. Miguu yote miwili inakakamaa ghafla, na haiponi kabisa. Watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa ndio wanaopatwa zaidi. Neno konzo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 ugonjwa huu uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ulionekana wilayani Tarime hapa kwetu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaonekana mkoani Mtwara. Mara nyingi hutokea wakati wa ukame, kwa sababu ukame unaongeza sumu kwenye muhogo, na njaa inatufanya tuharakishe maandalizi.

TUFANYE NINI?

Hatusemi mng'oe muhogo mchungu. Tunajua kwa nini mnaupanda. Nguruwe na nyani hawaupendi, na unatuokoa mwaka wa njaa. Tunachosema ni kwamba tuitoe sumu kabla ya kula. Kuchemsha tu muhogo mchungu mzima hakutoshi.

Kwanza, loweka muhogo kwenye maji siku 3 hadi 5, mpaka ulainike. Halafu uvunjevunje, ukamue, uanike ukauke kabisa. Muhogo ukilainika na kuvunjika, sumu inaachana nao. Nyingine inaingia kwenye maji, nyingine inapotea hewani. Maji hayo yamwageni. Makopa yaliyomenywa na kuanikwa tu hupunguza sumu kidogo, hayaimalizi.

Pili, ukiwa na unga usiouamini, ukoroge na maji mpaka ulowe wote. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita 1. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Sumu inatoka kama hewa. Songa ugali siku hiyo hiyo, usiuweke unga huo mbichi. Njia hii ilifundishwa pia kwa akina mama wa mkoa wa Mtwara.

Tatu, kisamvu nacho kina sumu. Kitwange kwanza, kisha ukichemshe kwa muda mrefu bila kufunika chungu.

Nne, ugali wa muhogo usiliwe mtupu. Tafuteni maharage, kunde, karanga, dagaa au mayai. Protini ya vyakula hivyo inausaidia mwili kuigeuza sumu iliyobaki, ikatoka kwa mkojo.

Tano, mtu akila muhogo kisha akaumwa kichwa, akapata kizunguzungu, akatapika na kulegea, msisubiri kukuche. Mpelekeni kwenye zahanati mara moja, na mwelezeni mganga alikula nini.

Ndugu zetu, baada ya mazungumzo haya mama yule alisimama akasema, "Sasa nimeelewa. Lakini siku 3 nikiloweka muhogo, watoto watakula nini?" Swali hilo ni zito, na jibu lake halimo kwenye glasi ya maji ya chokaa. Darasa lilijadiliana mpaka jioni. Wakakubaliana kwamba kila kaya ianze kuloweka kabla unga wa zamani haujaisha, na mwenye unga salama amkopeshe jirani, alipwe unga wa muhogo wake utakapokuwa tayari. Sisi tuliandika tu ubaoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini jiko la mkaa huzimika likikosa hewa? Linganisha na seli.
2. Mtu aliyekula sianidi anapumua vizuri lakini hana nguvu. Kwa nini?
3. Katika kijiji chenu, muhogo mchungu unaandaliwaje? Siku ngapi?
4. Wakati wa njaa, nani anaharakisha maandalizi, na jirani anaweza kumsaidiaje?