Mkono Juu ya Kichwa

Ndugu wasikilizaji, hapa Likombe mwezi wa Januari huja na mawili pamoja: mvua ya kupandia na kengele ya shule. Sisi tulioandikishwa baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza mwaka 1977 twakumbuka kwamba wengi hatukuulizwa cheti cha kuzaliwa. Tuliamriwa kupitisha mkono juu ya kichwa, tuguse sikio la upande wa pili. Aliyelifikia aliandikwa, mwenye mkono mfupi alirudi kwa mama yake akilia, wala halikuwa kosa lake. Kesho yake tukabeba jembe na ufagio, daftari kwapani.

Katika shule za serikali ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016. Lakini sare bado hununuliwa, na fedha za korosho mara nyingi zimekwisha kwa sherehe kabla ya Noeli. Hapo mtoto huambiwa, "Kapande kwanza, shule haikimbii." Bwana alimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi wake; sisi twamsimamisha shambani!

Wazazi, shule zafunguliwa kesho. Mwenye sare iliyokwisha kumbana mwanawe na ailete jumuiyani leo jioni.