Jay Pritzker na Hoteli za Hyatt: Mwekezaji Aliyeanzia kwenye Makaratasi



Kila anayesimulia habari za Jay Pritzker huanzia Los Angeles mwaka 1957. Akisubiri ndege, aliingia kwenye mgahawa ulioitwa Fat Eddie's, katika hoteli ndogo jirani na uwanja. Akaukuta mgahawa umefurika na vyumba vyote vimejaa. Papo hapo akachukua karatasi ya kupangusia mikono, akaandika bei anayoweza kutoa: dola milioni 2.2. Hoteli ilikuwa na jina la mmoja wa waliokuwa wakiimiliki, Hyatt von Dehn, na baada ya kuinunua jina hilo hakulibadilisha.

Simulizi ni tamu, ila inamfanya Jay aonekane mtu aliyebahatika tu. Mimi naona tuanze na alichokuwa nacho kabla ya kushika kalamu. Babu yake, Nicholas, alifika Chicago akitokea Kyiv mwaka 1881, akaja kufungua ofisi ya uwakili. Baba yake, Abram, alielekeza nguvu kwenye kununua mali, na polepole ofisi ile ikawa na mteja mmoja mkubwa, yaani familia yenyewe. Jay, aliyezaliwa mwaka 1922 na kusomea sheria, alikulia katika nyumba ambayo mikataba na kodi vilikuwa mazungumzo ya mezani. Benki za Chicago zilikwisha kulijua jina lake kabla hajaomba mkopo wowote.

Ustadi wake ulionekana kwanza kwenye kakao. Rockwood ilikuwa kampuni ya chokoleti ya Brooklyn isiyo na faida ya kutamanisha. Ghalani ilikuwa na kakao ambayo vitabuni bado ilihesabiwa kwa bei ya mwaka 1941, senti 5 kwa ratili. Mwaka 1954 soko likapanda kupita senti 60. Kuiuza moja kwa moja kungemaanisha karibu nusu ya faida kuliwa na kodi. Jay, akiwa na miaka 32, aliichukua kampuni hiyo kwa kuwa aliona upenyo katika sheria mpya ya kodi: kampuni inayofunga sehemu ya biashara yake na kuwagawia wanahisa shehena iliyohusika haikutozwa kodi hiyo. Basi Rockwood ikaacha kuuza mafuta ya kakao, na kila mwanahisa aliyerudisha hisa moja akapewa ratili 80 za kakao. Hawakubeba magunia, walipewa stakabadhi za ghala, jambo ambalo wenzetu wa korosho kule Mtwara hawahitaji kuelezwa. Mmoja wa waliochangamkia ubadilishanaji huo alikuwa kijana aitwaye Warren Buffett.

Nimekaa sana kwenye kakao kwa sababu hoteli aliziendea kwa jicho lilelile. Kazi za kila siku za Hyatt alimwachia mdogo wake, Donald. Yeye alitafuta mahali ambapo wengine wamesoma hesabu vibaya. Huko Atlanta, msanifu John Portman alikuwa anajenga hoteli yenye ua wa ndani uliopanda wazi orofa 22, na lifti za kioo. Makampuni makubwa yaliikataa, yakiona nafasi yote ile ni hewa isiyolipiwa kodi ya chumba. Jay aliinunua kabla haijaisha. Ilifunguliwa mwaka 1967, na mtindo wake ukaigwa duniani kote.

Baadaye Hyatt ilitanuka zaidi kwa mikataba ya uendeshaji: jengo ni la mwingine, Hyatt inaweka jina na menejimenti, kisha inachukua sehemu ya mauzo na ya faida. Mkataba wa namna hiyo unapunguza mtaji unaohitajika, lakini hauondoi lawama. Tarehe 17 Julai 1981 madaraja ya ndani ya Hyatt Regency ya Kansas City yalianguka na kuua watu 114. Jengo lilimilikiwa na kampuni tanzu ya Hallmark, na kosa lilikuwa la kihandisi, kwenye maungio ya fito zilizoning'iniza madaraja. Hata hivyo, ajali hiyo hadi leo inatajwa kwa jina la Hyatt. Anayepita mbele ya hoteli ya Kilimanjaro pale Dar es Salaam, au Mambo Msiige pale Shangani, Unguja, naye husoma bango la Hyatt. Mmiliki wa jengo si rahisi kumkumbuka.

Palipomshinda Jay, kwa maoni yangu, ni urithi. Mali ilifungwa ndani ya amana nyingi mno, na wanafamilia wengi hawakujua fungu lao. Alifariki Januari 1999. Mwaka 2001 ndugu wakakubaliana kimyakimya kugawana mafungu 11. Siri haikudumu: mwaka 2002 binti wa mdogo wake mwingine aitwaye Robert alifungua kesi akidai amana zake zimehamishwa, na suluhu ikapatikana mwaka 2005. Sehemu kubwa ya Marmon, kundi la viwanda vya familia, ikauzwa kwa kampuni ya Buffett yuleyule.

Hyatt yenyewe iliingia soko la hisa la New York Novemba 2009. Hisa za umma zilipewa kura moja kila moja, za familia kura kumi. Naomba vikundi vya mchana vianzie hapo: katika hoteli zetu za kifamilia, nani ana kura, nani ana mgawo tu, na huyo wa mgawo ameshaambiwa?