Baada ya Tarawehe, Tutoleane Hadithi



Ndugu zangu vijana, wazazi wetu na wadogo zetu wa Thika na Ruiru, Ramadhan Kareem. Mada niliyopewa ni hadithi za kale na jinsi zinavyotuhifadhia lugha na utamaduni. Huenda mwingine akauliza, sungura na fisi wanatuhusu nini mwezi huu mtukufu? Nawaomba subira kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kwa Kiswahili, "hadithi" ni mbili. Kuna Hadithi za Mtume (S.A.W.). Hizo ni dini, zina wapokezi wake, na mtu haongezi wala hapunguzi. Halafu kuna hadithi za babu na nyanya, ambazo kila msimulizi huzipamba apendavyo. Tusizichanganye. Lakini pia tusiseme ati hizi za pili ni uongo mtupu. Mtoto anajua vizuri kwamba sungura hasemi. Anachokichukua ni funzo, na pamoja na funzo anachukua maneno.

Chukueni kisa cha kima na papa. Papa anamwalika kima kwao. Wakiwa baharini anamwambia sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu, "Mbona hukusema mapema? Moyo nimeuacha mtini!" Papa anamrudisha, kima anapanda mti wake, basi, hashuki tena.

Kisa hiki asili yake ni India, na huko alikuwa nyani na mamba. Kikapita Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu, ndani ya Kalila wa Dimna. Humo mamba amekuwa kobe. Kilipofika pwani yetu kobe akawa papa, na mti ukawa mkuyu. Mwaka 1870 Mwingereza Edward Steere alikichapa pamoja na hadithi nyingine alizozikusanya Zanzibar. Na mkuyu huo ndio mũkũyũ, mti ambao jina la Wakikuyu linahusishwa nao. Vivyo hivyo zimwi la pwani ni nduguye irimũ wa ngano za Kikuyu, yule anayejifanya kijana mtanashati akaja kuposa binti wa watu. Mabinti, si funzo hilo lingali lina kazi hata leo?

Sasa tutazame nyumbani. Miji yetu hii ilikuzwa na watu waliofuata kazi: kahawa ya Ruiru, mananasi na viwanda vya Thika. Kila mmoja alikuja na lugha yake. Leo katika nyumba moja nyanya ana Kikuyu, Kikamba au Kisomali, wazazi wana Kiswahili, mtoto ana Sheng na Kiingereza. Nyanya anasalimia, mjukuu anajibu "poa", na mazungumzo yamekwisha. Wanapendana, lakini hawana maneno ya kuambiana.

Lugha ya dukani na ya matatu haihitaji mengi: bei gani, shukisha hapa. Hadithi inataka maneno ya jikoni, ya mvua, ya hasira, ya kuomba radhi. Tena inataka mtu wa kuitikia. Paukwa! Pakawa! Kitendawili! Tega! Kwa Kikuyu, Gwata ndaĩ! Ndagwata! Televisheni haingoji mtoto aitikie, nyanya anangoja.

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba kutofautiana kwa lugha zetu ni miongoni mwa ishara Zake. Katiba yetu ya 2010 nayo, ibara ya 7, inaitaka dola ilinde lugha mbalimbali za Wakenya. Lakini serikali haitakuja kwako usiku kuwatolea watoto hadithi. Kazi hiyo ni yetu.

Basi tufanye hivi. Baada ya tarawehe, dakika 15 tu, televisheni izimwe. Mzee atoe hadithi moja kwa lugha yake, na anayeifahamu awafasirie wadogo. Kesho yake mtoto airudie, hata kama atakosea. Asichekwe.

Nyinyi vijana wenye simu, muombeni mzee ruhusa mumrekodi. Kisha andikeni jina lake, alikozaliwa, tarehe, na hadithi kwa lugha ile ile aliyoitumia. Neno msilolijua muulizeni hapo hapo, maana huenda hakuna mwingine wa kumuuliza. Wala msikeshe mkakosa daku na Alfajiri.

Wazee wetu tunao leo, Alhamdulillah. Tusingoje Idi. Tuanze usiku huu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.