Mafundi wa Matufe ya Mbingu, na Nyota za Wazee Wetu



Tumeombwa kusema machache juu ya tufe la mbingu, yaani mpira ulioandikwa nyota, kama vile tufe la dunia lilivyoandikwa nchi na bahari. Mtu aweza kuuliza: karani wa Temeke au Kinondoni ana haja gani na chombo hicho? Twaomba mtuvumilie.

Mwaka 1592 fundi Emery Molyneux alitoa mjini London matufe mawili, moja la dunia na moja la mbingu, nayo ndiyo ya kwanza kufanyizwa Uingereza. Gharama alitoa mfanya biashara William Sanderson, na michoro ilichongwa na Jodocus Hondius, mkimbizi kutoka Flanders. Kazi ya matufe yataka subira. Karatasi hubandikwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, hata zikawa ganda gumu la mviringo. Ganda hupakwa lipu laini. Kisha vipande vyembamba vilivyopigwa chapa kwa mabamba ya shaba, mara nyingi 12, hubandikwa juu yake visipishane hata kidogo. Tena makundi ya nyota huonekana kinyume, kwani alitazamaye tufe amesimama nje ya mbingu, na sisi sote tumo ndani.

Molyneux alihamia Amsterdam, akafa huko mwaka 1598, na ufundi wake katika Uingereza ukafa pamoja naye. Miaka mingi ikapita Waingereza wakitegemea matufe ya Waholanzi. Aliyeufufua ni Joseph Moxon, mpiga chapa, katika miaka ya 1650. Huyu hakuficha elimu yake kiganjani. Mwaka 1659 alitoa kitabu cha kufundisha matumizi ya matufe, na baadaye akaandika kazi za wahunzi, maseremala na wapiga chapa. Mwaka 1678 alipokewa katika Royal Society, akaketi pamoja na wanazuoni, naye ni fundi wa mikono.

Sasa turudi kwetu. Juu ya matufe ya Kiingereza husomwa Aldebaran na Rigel, nayo ni majina yaliyotoka katika Kiarabu. Wanafalaki wa pwani yetu nao wana buruji 12, na miongoni mwake zimo Hamali, Asadi, Mizani, Akrabu na Hutu. Wakulima nao wana Kilimia, kundi la nyota lililopewa jina kwa ajili ya kulima. Lakini taa za umeme zimekififisha Kilimia juu ya mapaa yetu, na watoto wetu wengi hawakijui. Mzee akizikwa, majina huzikwa naye.

Ndugu zetu, kazi yetu ni kalamu. Basi kila mmoja wetu aendapo likizo kwao, na amwulize babu au bibi: nyota hii yaitwaje, huonekana mwezi gani, nanyi hufanya nini ionekanapo? Na aandike jibu lake siku ile ile, asingoje kesho.