Usalama wa Mafundi Ndani ya Vihenge vya Nafaka



Kata ya Nangwa imo katika Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara. Wilaya hiyo ilijulikana tangu miaka ya 1970 kwa mashamba makubwa ya ngano yaliyoendeshwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) kwa msaada wa Kanada. Nafaka za Bara huvuka bahari hadi visiwani. Kwa hiyo usalama wa wanaozihifadhi huko unawahusu pia wanaozila huku.

Kihenge cha asili, kilichosukwa kwa fito na kukandikwa udongo, mtu aliingia, akachota mahindi yake, akatoka. Kihenge cha chuma, mfano wa vile vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) mjini Babati, kimerithi jina, lakini hakikurithi upole. Chini yake huwekwa mitambo ya umeme ya kuvuta nafaka, nayo mitambo hiyo hudai matengenezo.

Fundi aliye ndani hukabiliwa na hatari tatu. Kwanza, mtambo ukiwashwa, nafaka humvuta kama maji yaendayo shimoni: kwa sekunde 5 hivi hawezi tena kujinasua, na kwa sekunde 20 na kitu huwa amefunikwa. Pili, nafaka yenye unyevu hugandamana juu ikaacha uwazi chini; anayeikanyaga hutumbukia. Tatu ni hewa. Nafaka inayooza hupunguza oksijeni, na vidonge vya kuulia wadudu hutoa gesi ya fosfini, ambayo ni sumu kali.

Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kuingia, hapana budi yafuatayo yatimizwe:

1. Umeme wa mitambo yote ukatwe kwenye swichi kuu, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao yule anayeingia, si mwingine.

2. Hewa ipimwe. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, au fosfini ikionekana, ni marufuku kuingia.

3. Fundi avae mkanda wa mwili mzima wenye kamba iliyofungwa imara nje.

4. Mwenzake abaki mlangoni muda wote, wakionana au kusikizana.

Ajali ikitokea, asijitose mtu kumfuata aliyezama. Wengi wamekufa kwa huruma ya namna hiyo. Mitambo izimwe, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liitwe mara moja. Aliyezama kifuani asivutwe kwa nguvu, kwani nafaka humbana kiasi cha kuweza kumjeruhi. Nafaka iliyomzunguka ndiyo iondolewe.

Wajibu huu si wa fundi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 kwa Tanzania Bara, na Sheria Namba 8 ya mwaka 2005 kwa Zanzibar, zimemtwika mwajiri jukumu la kulinda wafanyakazi wake. Msimamizi anayeamuru mtambo uwashwe kwa sababu malori yanasubiri, pasipo kujua nani yumo ndani, anavunja wajibu huo.

Malori yanaweza kusubiri. Kufuli isifunguliwe mpaka mwenye ufunguo ametoka.