Kutoka Mashine za Kufumia hadi Pikipiki



Nimeombwa nieleze safari yangu ya Ujerumani. Nitaeleza mahali pamoja tu: makumbusho ya baiskeli na pikipiki ya mji wa Neckarsulm, yaliyofunguliwa mwaka 1956 ndani ya ngome ya kale.

Kiwanda cha NSU, kilichoupatia mji huo sifa, hakikuanza na pikipiki hata kidogo. Mwaka 1873 kilikuwa kikiunda mashine za kufumia. Mwaka 1886 kikaingia katika baiskeli, na mwaka 1901 kikatoa pikipiki yake ya kwanza: baiskeli nzito tu, yenye injini ndogo iliyotoka Uswisi. Pedali zilibaki palepale, maana mlimani mwendeshaji alilazimika kuisaidia injini kwa miguu! Kufikia 1955 kiwanda hichohicho kilikuwa kikitengeneza pikipiki nyingi kuliko kingine chochote duniani.

Vijana, ukizitazama pikipiki hizo za mwanzo unaona kila kitu kwa macho: mkanda, tangi, waya. Hakuna kilichofichwa. Ndiyo sababu siafiki pendekezo lililo mbele ya mkutano huu, la kuiuza pikipiki kuukuu iliyo ghalani kwa bei ya vyuma chakavu. Fedha zake hazitatosha hata chaki za muhula mmoja. Naomba ipelekwe karakana, wanafunzi wa kidato cha tatu waifungue mpaka skrubu ya mwisho, kisha waiunge tena. Vipuri vitakavyopungua nitanunua mimi.