Jina la Mfadhili: Yatima wa Dickens na Kijana wa Butiama



Mwaka 1824, jijini London, mtoto wa miaka 12 alipelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye vichupa vya rangi ya viatu, huku baba yake akifungwa kwa madeni katika gereza la Marshalsea. Mtoto huyo ni Charles Dickens. Mwaka 1934, mtoto mwingine wa miaka 12 aliondoka Butiama kwenda Musoma kuanza shule ya Mwisenge. Huyo ni Kambarage, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliyekuja kuwa Mwalimu Nyerere.

Dickens aliuficha umma habari za kiwanda kile mpaka alipokufa. Wasomaji walizijua kupitia wasifu ulioandikwa na rafiki yake, John Forster. Mtu aliyebeba siri ya namna hiyo ndiye aliyeandika habari za yatima na mfadhili asiyejulikana. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba habari hizo, kwa undani wake, ni habari za jina: nani anatajwa, nani anafichwa, na aliyesaidiwa amshukuru nani.

Riwaya yenyewe ni Great Expectations, iliyotoka kidogo kidogo katika jarida la kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Pip hana baba wala mama. Analelewa na dada yake na shemeji yake Joe, mhunzi. Siku moja makaburini anakabwa na mfungwa mtoro, naye kwa hofu anamletea chakula na tupa ya kukatia pingu. Miaka inapita. Wakili Jaggers anakuja kutoka London na habari kwamba kuna mtu anayetaka kumfanya Pip muungwana, kwa masharti mawili: Pip aendelee kuitwa Pip daima, na jina la mfadhili libaki siri.

Hapo ndipo palipo na kiini cha riwaya. Jina la mpokeaji linalindwa, la mtoaji linafutwa, na kijana analijaza pengo hilo kwa matamanio yake. Kwa kuwa anampenda Estella, anaamini fedha zinatoka kwa Bi Havisham, tajiri aliyemlea binti huyo. Anaanza kumwonea aibu Joe. Akiwa na miaka 23, usiku wa dhoruba, anatembelewa na Abel Magwitch, yule mfungwa wa makaburini, aliyepelekwa uhamishoni Australia, akafuga kondoo na kutajirika kwa ajili ya Pip. Pip anajawa na karaha. Miaka yote hiyo amemheshimu asiyempa kitu na kumkwepa aliyemlea.

Huku Mara, kwao Kambarage, masimulizi ya mfadhili hayana pazia. Inasimuliwa kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu alikuwa akimtembelea Burito, na akicheza bao na Kambarage alishindwa mara kwa mara. Akamshauri baba ampeleke mtoto shule. Hakutoa sarafu; alitoa neno, naye Burito alilijua limetoka kinywani mwa nani. Baada ya Mwisenge ilifuata Tabora, kisha Makerere mwaka 1943, wakati Burito amekwisha kufariki, halafu Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Mmoja wa wana wa Mwalimu Nyerere anaitwa Makongoro.

Je, si dini zetu zinazohimiza sadaka ya siri? Ndiyo, na Dickens mwenyewe anaijua sadaka hiyo. Pip anapougua akiwa na madeni, Joe anamuuguza, anamlipia deni, kisha anaondoka alfajiri bila kuaga. Lakini anaacha barua, na ndani yake stakabadhi. Joe alificha majivuno, hakuficha mkono wake. Magwitch alificha mkono ili siku moja ajivunie muungwana aliyemtengeneza yeye mwenyewe.

Nchini Kenya, Chris Mburu alisomeshwa na mama wa Sweden ambaye wakati huo hakuwa amewahi kumwona. Alifika hadi Harvard na Umoja wa Mataifa, na mwaka 2001 akaanzisha mfuko wa kusomesha watoto maskini. Aliuita kwa jina la mama huyo, Hilde Back, kabla hawajaonana. Baadaye alijua kwamba mama huyo alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akiwa kijana, na wazazi wake wakaangamia kambini. Katika kisa hiki yatima alikuwa mfadhili. Mwaka 2010 filamu ya A Small Act iliwaonyesha watazamaji wa nchi nyingi namna Mburu alivyomtafuta na Hilde Back alivyopokewa Kenya.

Pip naye hurudi. Baada ya miaka 11 ughaibuni anafika jioni kwenye nyumba ya mhunzi, bila taarifa. Joe yuko mahali pake pa zamani karibu na moto, nywele zimeanza mvi. Pembeni, juu ya kigoda alichokikalia Pip utotoni, ameketi mtoto mdogo akitazama moto. Ni mwana wa Joe na mke wake wa pili, Biddy. Joe anamweleza mgeni wake kwamba mtoto huyu wamemwita Pip.